King'amuzi cha antena au cha dishi Dodoma: uliza kwanza ufunguo ameushika nani

Swali la kwanza la mnunuzi wa king'amuzi huwa la mpira: ligi ipi iko wapi. La pili ni bei ya kifurushi. Ni maswali halali, ila majibu yake hayadumu. Haki za ligi huhama kila mkataba unapokwisha, na bei hupanda bila kukuuliza. Kinachobaki sebuleni miaka yote ni lile boksi, na namna lilivyofungwa ndiyo inayoamua utaona nini siku usipolipa, na utapoteza nini siku ukitaka kuhamia kwa mwingine.

Mitambo ya analojia ilizimwa Dodoma Januari 31, 2013, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam. Tangu hapo njia kuu za kupata televisheni hapa ni king'amuzi cha antena, king'amuzi cha dishi dogo la kulipia, dishi kubwa la chaneli zisizolipiwa, na televisheni yenye kipokezi chake ndani. Kebo ya mtaani, pale ilipo, ihesabu pamoja na dishi la kulipia: mwenye kebo ndiye mwenye ufunguo. Televisheni ya intaneti tunaiweka kando, hiyo ni hesabu ya bando.

Ufunguo wenyewe

Chaneli iliyofungwa hairushwi kwa siri. Inaruka hewani kama nyingine na inafika kwenye dishi lako na la jirani, ila picha imevurugwa kwa hesabu. Ulaya ilikubaliana hesabu moja ya kuvuruga mwaka 1994, na ving'amuzi vingi duniani bado vinaitumia hiyo au matoleo yake mapya. Ufunguo wa toleo la kwanza una biti 64 (tarakimu za 0 na 1), yaani baiti nane. Baiti mbili kati ya nane ni za kukagua makosa tu, kwa hiyo siri halisi ni biti 48. Ufunguo mfupi hivyo ukikaa siku nzima utavunjwa, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya sekunde chache, mara nyingi kumi hivi.

Hadi hapo boksi zote zinafanana. Zinapoachana ni kwenye kuufikisha ufunguo huo kwako. Kila kampuni huufungasha ndani ya ujumbe wake wa siri, na kadi yao (au chipu iliyogandishwa ndani ya boksi, kwa zisizo na kadi) ndiyo inayoufungua. Pamoja nao huja ujumbe wa aina ya pili, wa haki: kadi namba fulani imelipiwa kifurushi fulani hadi tarehe fulani. Kwa sababu hiyo boksi la kampuni moja halifanyi kazi kwa nyingine hata kama tyuna (kipokea mawimbi), chipu ya picha na waya wa umeme vimetoka kiwanda kimoja. Unaponunua boksi unanunua kitasa cha mlango wa mtu mwingine.

Ujumbe wa haki unaeleza pia kero moja ya kila wiki. Umelipa kwa simu, meseji ya uthibitisho imeingia, chaneli bado zimefungwa. Ujumbe huo hurushwa hewani mara kwa mara kwa muda fulani, na boksi lililozimwa haliusikii. Lipa king'amuzi kikiwa kimewashwa, kiko kwenye chaneli ya kampuni hiyo na mawimbi yanashika, kisha kiache nusu saa bila kukigusa. Kuchomoa na kuchomeka umeme kila dakika mbili ni kuukimbia ujumbe wenyewe. Kwenye boksi la DStv, maandishi ya E16 yana maana haki haijafika kwenye kadi, na E48 yana maana mawimbi hayafiki kabisa. Ya kwanza ni ya kupigia simu huduma kwa wateja, ya pili ni ya kupanda darini. Watu wengi hulipa fundi kwa tatizo la kwanza.

Antena na dishi kwa ardhi ya hapa

Antena inategemea mnara, na mnara unategemea milima. Ipagala au Kisasa, palipo wazi, antena ya kawaida ya nje kwenye bomba la mita 3 juu ya paa inatosha. Ukiwa upande wa pili wa kilima kama Mlimwa au Imagi kutoka uliko mnara, antena ileile inaweza kuhitaji mita 6, na huenda bado isishike. Mpwapwa iko chini ya milima ya Kiboriani, na Kondoa ni vilima vitupu. Huko usinunue boksi la antena kabla hujaona la jirani wa ukuta kwa ukuta likifanya kazi. Dijitali haina picha ya chenga. Ni nzuri, au ni vipande-vipande, au hakuna. Mpaka kati ya hizo ni mwembamba, hivyo "kwa fulani mtaa wa pili inashika" haitoshi.

Kabla ya kununua busta, angalia mambo mawili. Moja, busta nyingi za antena hupata umeme wa volti 5 kutoka kwenye king'amuzi kupitia waya uleule wa antena, na umeme huo huwashwa kwenye menyu. Usipouwasha, busta inageuka kizibo na hali inakuwa mbaya kuliko bila busta. Pili, ukiwa karibu na mnara, busta hulemaza tyuna kwa wingi wa mawimbi: mstari wa nguvu unajaa, wa ubora unaanguka. Itoe.

Dishi halijali kilima, linajali anga. Hapa Dodoma ina jambo lake. Mji uko longitudo 35.7 mashariki, na setilaiti zinazobeba DStv ziko nyuzi 36 mashariki juu ya ikweta. Maana yake ziko karibu utosini: mwinuko wa nyuzi 83, kaskazini kabisa. Azam iko kwenye setilaiti ya Eutelsat ya nyuzi 7 mashariki. Kutoka Dodoma hiyo unaitazama magharibi, ukisogea kidogo kaskazini (dira 281), kwa mwinuko wa nyuzi 56.

Tofauti hiyo inaamua mahali pa kufunga. Dishi la DStv, la mwinuko wa nyuzi 83, halizuiwi na mti wala ghorofa la jirani, ila ukilifunga ukutani chini ya upenu, bati ndilo litakaloiona setilaiti. Lisukume nje ya ukingo wa paa au lipandishe kwenye bomba. Dishi la Azam, la nyuzi 56, linakubali kukaa ukutani upande wa magharibi, lakini mwarobaini wa jirani unalihusu: kila mita 1.5 ambazo mti umelizidi dishi kwa kimo zinahitaji kama mita 1 ya umbali. Mti uliolizidi dishi kwa mita 6 uwe mbali zaidi ya mita 4, na ukumbuke unakua.

Usilipime dishi dogo kwa macho. Uso wake hutazama chini ya setilaiti kwa nyuzi ishirini na kitu, kwa kuwa LNB (kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi) imewekwa kando na si katikati. Anayelenga kwa kufuata uso wa dishi atazunguka mchana kutwa. Fuata namba zilizogongwa nyuma ya kishikio.

Waliohamia na vifaa kutoka Dar es Salaam hujikuta na tatizo dogo linaloonekana kubwa. Kwa setilaiti ya Azam ya nyuzi 7, upande ni uleule, ila Dodoma mwinuko umepanda kutoka nyuzi 52 hadi 56. Fundi akilifunga kama lilivyokuwa, atakuambia, "Bosi, singo ipo ila haikamati." Mstari wa nguvu huonyesha hata kelele za LNB yenyewe, unaosema kweli ni wa ubora. Nguvu 80 na ubora 0 ni dishi lililolenga pembeni, au LNB isiyozungushwa vizuri kwenye kishikio chake. Kwa setilaiti ya Azam kutoka hapa LNB inahitaji kuzungushwa karibu robo ya duara, kama nyuzi 77, wakati kwa zile za DStv inakaa karibu wima. Izungushe polepole huku mwenzako ndani akisoma ubora, na simamisha pale namba inapofika juu kabisa, si pale picha inapotokea kwa mara ya kwanza.

Mvua ya hapa si adui mkubwa. Inakuja Desemba hadi Aprili kwa vipindi vifupi vikali, na dishi linalotazama utosini hupenya njia fupi zaidi ndani ya wingu kuliko lile la nyuzi 56. Adui wa Dodoma ni upepo. Ukingo wa dishi la sentimita 80 ukisogea milimita 7 tu, shabaha imehama nyuzi 1, na karibu nusu ya mawimbi imepotea. Bomba liwe la chuma la nchi moja na nusu, lishikwe sehemu mbili ukutani kwa bolti, lisishikiliwe na bati. Nati zikazwe tena baada ya mwezi mmoja, zinalegea.

Waya wa dishi wa kawaida, RG6, hupoteza kama desibeli 1 kila mita 3 kwenye masafa ya juu ya dishi. Mita 30 ni desibeli 10, yaani inafika sehemu moja tu ya kumi ya mawimbi, kwa hiyo usimruhusu fundi akuachie mizunguko ya waya wa ziada darini "kwa baadaye".

Siku usipolipa

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana kabisa.

Tanzania haikulazimisha boksi moja kwa kampuni zote. Ilichofanya ni kutenganisha leseni: wenye miundombinu ya kurusha dijitali kwa antena wakapewa sharti la kubeba chaneli za kitaifa za bure na kuziacha wazi hata kifurushi kikiisha. Kampuni za dishi zilikuwa na leseni ya aina nyingine. Agosti 2018 mgogoro ulilipuka. Watazamaji walikuwa wakilalamika kwamba chaneli za bure zinakatika pamoja na kifurushi, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikaziondoa chaneli hizo kwenye ving'amuzi vya dishi vya kulipia kwa kuwa leseni zao hazikuwapa ruhusa ya kuzibeba. Wengi walidhani wameonewa. Kwa hoja ya leseni ilikuwa sawa, ila mtu aliyenunua dishi ili aone taarifa ya habari hakuambiwa dukani kwamba kuna leseni mbili.

Kwa hiyo kwa nyumba ambayo kuna miezi ada ya kifurushi haipatikani, king'amuzi cha antena kina faida ambayo haionekani kwenye tangazo: kina sakafu. Dishi la kulipia halina sakafu ya uhakika. Kinachobaki bila malipo ni kile kampuni inachoamua kukiacha, na inaweza kubadili uamuzi. Dukani, muombe muuzaji awashe boksi lenye kadi isiyolipiwa mbele yako. Zihesabu zinazofunguka. Asiyetaka kukuonyesha amekujibu.

Dishi kubwa la chaneli huria halina ada, na chaneli zake ziko wazi. Kasoro yake ni kwamba linahitaji futi 6 hadi 8, na hapa Dodoma likilengwa kwenye setilaiti ya karibu utosini linakuwa beseni: maji ya mvua na vumbi hukaa ndani yake. Toboa tundu dogo katikati pa chini. Baadhi ya chaneli huko hufungwa kwa ufunguo usiobadilika, na hapo ndipo wanapoingia wauza namba za kufungulia na wauza "sava" wanaogawa funguo za kadi moja kwa boksi nyingi kupitia intaneti. Mbali na kuwa ni wizi wa haki za watu, biashara hiyo hufa ghafla: kampuni ikibadilisha kadi au kufunga boksi na kadi viende pamoja, umelipia miezi sita ya kioo cheusi, na hakuna ofisi ya kulalamika.

Televisheni mpya nyingi madukani zina kipokezi cha DVB-T2 (toleo jipya la dijitali ya antena) ndani. Kabla hujanunua king'amuzi chochote cha antena, chomeka antena moja kwa moja kwenye televisheni na usachi. Chaneli zilizo wazi zitaonekana bila boksi. Zilizofungwa zitatokea kwa jina na kioo kitakuwa cheusi. Televisheni ya zamani ya DVB-T tupu haitaona kitu kwenye mawimbi ya T2, na hakuna mpangilio wa menyu utakaoisaidia.

Siku ukitaka kuhama

Nyuma ya televisheni nyingi kuna tundu pana, bapa, ambalo mwenye nyumba halijui kazi yake. Limekuwepo kwa sababu ya sheria ya Ulaya: tangu 2002 kila televisheni ya dijitali yenye kioo kinachozidi sentimita 30 inayouzwa huko lazima iwe nalo. Unachomeka moduli ya kampuni yenye kadi ndani, na televisheni yenyewe inakuwa king'amuzi. Ukihama, unabadilisha moduli tu. Kiwanda kinachouza Ulaya mara nyingi huacha tundu hilo hata kwenye mzigo wa Afrika, basi muulize wakala kama kampuni yake inauza moduli. Jibu likiwa hapana, tundu ni pambo.

Marekani walijaribu njia ya kadi. Sheria ya 1996 ilitaka mtu aweze kununua boksi la televisheni ya kebo dukani kama anavyonunua simu. Kuanzia Julai 1, 2007 kampuni za kebo zililazimishwa kutumia kadi inayochomoleka hata ndani ya boksi zao wenyewe, ili zisipate sababu ya kuwabagua wanunuzi wa nje. Haikufaulu. Kadi iliweza kupokea tu bila kurudisha ombi, kwa hiyo filamu za kuagiza hazikupatikana, na kufungiwa kadi kwenye boksi lako kulihitaji fundi wa kampuni ileile unayotaka kuipunguzia mapato. Boksi za kampuni zenye kadi zilifika makumi ya mamilioni; zilizonunuliwa dukani zilibaki laki kadhaa. Mwaka 2014 Bunge lao likaondoa lazima hiyo, na mwaka 2020 masharti ya kadi yakafutwa. Mwaka 2016 mamlaka yao ilikuwa ikitaja wastani wa dola 231 kwa mwaka ambazo kila nyumba hulipa kwa kukodi boksi tu, kabla ya chaneli. Kwa kipimo hicho mfumo wetu wa kununua boksi mara moja si mbaya.

Afrika Kusini waligombania jambo la ndani zaidi: je, boksi la bure la serikali lenyewe liwe na uwezo wa kufunga chaneli? Kituo cha e.tv kilitaka liwe nao. Serikali na MultiChoice, wenye DStv, zilipinga, na Juni 2017 Mahakama ya Katiba ikaiachia serikali sera yake ya boksi lisilofunga. Upande wa mtazamaji maskini haukuwa wazi kama unavyosikika. Boksi lisilofunga haliwezi kukukatia. Lakini pia haliwezi kukua na kuwa mshindani wa anayefunga, na anayefunga ndiye aliyepinga boksi hilo lipewe uwezo wa kufunga.

India mamlaka yao ilipendekeza mwaka 2020 boksi zote ziwe za kuhamishika. Hatuna kitu kama hicho hapa, na mnunuzi wa Dodoma asinunue akikitarajia.

Hela iende wapi

Kwa kuwa boksi halihamishiki, fanya hesabu kinyume na watu wengi. Mali yako ni kila kisicho na ufunguo: bomba, dishi, waya, antena, viunganishi. Hivyo nunua vizuri, waya wa shaba tupu na si chuma kilichopakwa shaba, viunganishi vya kubana na si vya kuzungusha kwa mkono. Boksi nunua la bei ya chini kabisa lililoidhinishwa na TCRA. Ukihama kampuni, dishi lilelile hugeuzwa na LNB ya kawaida (9750 na 10600) mara nyingi hufaa. Unabadilisha boksi na kadi pekee.

Nyumba ya familia mjini, yenye televisheni moja na kipato kisichotabirika: antena. Anayefuata ligi kwa mwaka mzima na ana uhakika wa ada: dishi, na aongeze antena, kwa sababu televisheni ya T2 inaweza kuipokea bila boksi la pili. Bahi, Chemba, vijiji vya Kongwa na popote penye shaka ya mnara: dishi, hakuna mjadala. Gesti yenye vyumba kumi isinunue boksi kumi za nyumbani. Kifurushi cha nyumbani hakiruhusu biashara, na kampuni ikigundua hufunga kadi zote kwa siku moja. Iulizie kifurushi cha biashara.

Ukinunua kilichotumika, kwa mtumishi anayehama au sokoni Majengo, namba ya kadi na namba ya boksi zipigie simu huduma kwa wateja mbele ya muuzaji. Kama kadi imeoanishwa na boksi lingine, au bado iko kwa jina la mtu mwenye deni, haitafunguka kwako hata ukilipa kifurushi kikubwa kuliko vyote. Akikubali, hamisheni jina hapohapo, king'amuzi kikiwa kimewashwa.